Usimpigie Simu Mwalimu wa Bendi

Ninyi mnaopeleka watoto chuoni Agosti hii wakiwa na ala zao mkononi, nawaandikia ninyi. Niliacha shule darasa la sita, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupamba. Naitwa Verlene Gaddis. Nachuna kambare kiwandani hapa Delta, kwenye tambarare za mabwawa ya samaki, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Chuo chenyewe sitakitaja. Ambaye mtoto wake yuko pale atakijua kabla hajafika katikati ya barua hii, na ambaye wake yuko kwingine asijidanganye kwamba kwao ni tofauti.

Mwanangu Janiya alipenda tuba, lile tarumbeta kubwa kuliko yote, tangu ana miaka sita. Bendi ya chuo ilipita barabara kuu ya mji wetu, watoto wote wakawa wanawatazama wasichana wanaorusha fimbo, yeye akaning'ang'ania sketi akionyesha safu ya nyuma kabisa, wale wanaume waliovaa mabomba ya shaba yaliyozunguka miili yao kama chatu. "Mama, yale makubwa." Sekondari mwalimu akamwambia tuba si ya msichana, itamvunja mgongo. Akaibeba miaka minne. Siku chuo kilipomjibu kwamba bendi imemkubali alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akakata kamba. Na mimi nilifurahi, sitasema uongo. Jumapili ile nilisimama kanisani nikatangaza.

Mazoezi huanza wiki mbili kabla ya masomo. Wapya wa tuba walikuwa watano, wavulana wanne na Janiya. Walipangwa kwa urefu na kupewa namba, majina yakawekwa kando. Waliitwa vifaranga. Janiya alikuwa namba mbili, na nyuma yake, namba tatu, alikuwa kijana mmoja mpole anayeitwa Terrion Rucker. Mstari huo huenda kila mahali ukiwa mmoja, kifua cha huyu mgongoni kwa yule: kwenda kula, kwenda chooni, kwenda kulala. Kona haikatwi kiholela, unasimama, unageuka kama pembe ya meza, ndipo unaendelea. Husemi mpaka uulizwe. Na mmoja akikosea, mstari wote unalipa. Hilo la mwisho likumbukeni.

Jumamosi ya kwanza waliruhusiwa nusu siku, akaja nyumbani kufua. Nilikuwa nimempikia kambare wa kukaanga na tambi, chakula anachokipenda kuliko vyote. Alikula amesimama, sahani mkononi, haraka kama mtu anayefukuzwa. Nikamwambia, "Kaa, mtoto. Hakuna anayekuja kukunyang'anya." Akakaa ukingoni mwa kiti. Baada ya muda akasema, macho yamekazia ukutani:

"Naomba ruhusa ya kwenda chooni."

Nikacheka. Nilidhani ni utani. Lakini hakuinuka. Alisubiri, magoti yamebanana, jasho linamtoka, mpaka nikasema, "Nenda, Janiya, Yesu wangu." Akainuka, akafika kwenye kona ya jikoni kwangu, jikoni alikojifunzia kutembea, akasimama, akageuka kama pembe ya meza, akaendelea.

Alipovua fulana ili niifue niliona bega la kushoto. Ngozi ilikuwa imetoka yote, pana kama kiganja changu.

"Nani kakufanyia hivi?"

"Tuba ni nzito, Mama."

"Tuba umeibeba miaka minne. Nani?"

"Mama, tafadhali. Ni wiki moja tu imebaki. Ukishavuka umevuka, unakuwa mmoja wao maisha yako yote. Usifanye kitu. Niapie."

Niliapa. Jumatatu, wakati wa mapumziko ya saa nne, nilisimama nje ya kiwanda na buti zangu za mpira zinazonuka samaki, nikampigia simu mwalimu mkuu wa bendi, Daktari Stribling, daktari wa shahada, si wa hospitali.

Hapa ndipo nataka mnisome polepole. Mimi ningepaswa kujua. Kiwandani kwetu mwanamke mmoja akipanda ghorofani kwa wakubwa kulalamika, kesho yake mkanda unaoleta samaki unaongezwa kasi kwa wote, na wenzake wanamtazama huku vidole vyao vinatoka damu. Nimeyaona hayo mara ngapi! Lakini nilidhani chuo ni cha watu waliosoma. Nilidhani mtu anayeitwa daktari ukimwambia mtoto anaumizwa, atasikitika.

"Mama Gaddis," akaniambia, sauti laini kama siagi, "bendi hii ina sheria kali dhidi ya uonevu. Kila mwanafunzi ameweka sahihi."

"Bega la mwanangu halijaweka sahihi."

Akacheka kidogo. "Mimi mwenyewe nilipiga tuba hapa. Nakuelewa kabisa. Nitalishughulikia leo hii."

Na kweli alilishughulikia. Alimwita kiongozi wa tuba, kijana wa mwaka wa nne anayeitwa Marquel Tate, akamwambia mama wa namba mbili amepiga simu. Basi. Akarudi ofisini kwake.

Jumatano jioni Janiya alinipigia kwa simu ya kuazima. Hakusalimia.

"Umefanya nini?"

"Janiya..."

"Nakuuliza, umefanya nini? Uliniapia!"

Akanieleza, na alikuwa anaeleza kwa chuki, kila neno ananitupia. Saa nane mchana, Jumatatu na Jumanne, mstari ulipelekwa nyuma ya jengo la muziki, kwenye lami wanakoegesha mabasi. Wale wanne walichuchumaa, tuba zimeinuliwa juu ya vichwa, ratili thelathini na tano kila moja. Janiya aliwekewa kiti kivulini, akapewa jagi la maji ya limau lenye barafu.

"Kaa hapo, malkia," Marquel alimwambia. "Mama yako hataki uchoke. Sisi tunawaheshimu akina mama."

Wapiga tuba wakubwa wakacheka. Mmoja akaleta mwavuli akamshikia.

"Kunywa sasa. Wenzako watashusha ukimaliza jagi. Ila ukinywa haraka ukatapika, tunaanza upya. Na ukilia, tunaanza upya."

Alitapika mara mbili. Iliwachukua saa moja na nusu kila siku, na wale wavulana hawakupewa tone. Terrion ndiye aliyekuwa mbele ya kiti chake, akimtazama usoni muda wote.

"Siku ya kwanza walikuwa wananionea huruma," Janiya akasema. "Jana namba nne aliponipita alisema, bora ungekufa. Hao ni ndugu zangu, Mama. Nilikuwa nao wanne, sasa sina hata mmoja."

"Nakuja kukuchukua."

"Ukija hapa sitakujua." Akakata.

Sikwenda, na hilo ni kosa langu la pili, nalo ni baya kuliko la kwanza. Alhamisi nilichuna samaki. Ijumaa asubuhi simu ikalia tena, na mara hii sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto wangu wa zamani.

"Mama, nakuuliza tu. Usimwambie mtu. Mkojo ukiwa wa rangi ya soda ya kola, ni kawaida?"

"Wako?"

"Wa Terrion. Na miguu haikunji. Tunambeba."

"Mpelekeni hospitali. Sasa hivi, Janiya, sikiliza..."

"Marquel anasema ni joto tu. Watampeleka, lakini ni joto." Akakata.

Nilivua aproni nikaiacha sakafuni. Msimamizi akaniita, sikugeuka. Ni mwendo wa saa mbili, niliuendesha kwa saa moja na nusu.

Nilipoingia kwenye ujia wa hospitali ndogo iliyo karibu na chuo, kitu cha kwanza nilichoona ni wao. Vifaranga wanne wamesimama ukutani, wamepangwa kwa urefu, mikono ubavuni, na kati ya Janiya na namba nne wameacha nafasi ya mtu mmoja. Nafasi ya Terrion. Mbele yao Marquel, shati limepigwa pasi, adabu tele.

"Karibu, mama. Keti, tafadhali. Nikuletee maji?"

Nilimpita. Mlangoni mwa chumba alisimama mwanamke wa umri wangu aliyevaa fulana ya bendi, yenye mwaka wa zamani mgongoni. Huyo ni Bi Delphine, mama yake Terrion. Ndani nilimwona kijana amelala, midomo imepasuka. Daktari mmoja kijana sana alikuwa akitia sahihi karatasi.

"Joto," alikuwa akimwambia Bi Delphine. "Mwezi huu nimeona wachezaji kumi kama yeye. Tumemtilia maji mshipani, atarudi bwenini saa kumi. Kulikuwa na mazoezi yoyote yasiyo ya kawaida?"

"Hapana, bwana," Marquel akajibu kutoka nyuma yetu. "Gwaride tu. Na alikuwa na homa tangu Jumatano."

Nikamgeukia mwanangu. "Janiya. Mwambie daktari."

Akatazama ukuta wa mbele yake.

"Janiya, mwambie ulichoniambia."

"Sina la kusema, mama." Hakusema *Mama* ile yetu. Alisema kama unavyomwambia mwanamke yeyote dukani. Marquel hakuhitaji hata kuinua macho.

Bi Delphine alinipima kutoka buti mpaka kilemba. "Kumbe ndiye wewe. Wewe ndiye mpiga simu."

"Dada, mwanao anakojoa damu."

"Usiniite dada. Mume wangu alipita kwenye mstari huu huu. Kaka wawili wa Terrion walipita. Hakuna mama aliyekuja hapa ananuka samaki kuwaaibisha. Terrion amebakiza siku mbili. Siku mbili, bibie! Wewe wako ni laini, mchukue uende naye."

"Mama, achana nao," Terrion akasema kutoka kitandani, kwa shida. "Niko sawa. Nataka kurudi."

Basi nikamwambia daktari mwenyewe. Nilimwambia lami, saa nane mchana, saa moja na nusu, siku mbili, ratili thelathini na tano juu ya kichwa, bila maji. Nilimwambia rangi ya mkojo. Nilisema kwa sauti ya kiwandani, ile ya kushinda mashine, hata mhudumu wa mapokezi akasimama. "Mpe kikombe akojoe mbele yako. Nikiwa mwongo, niitie polisi."

Daktari akamtazama Terrion. Terrion akageukia ukutani. Kikombe kikaletwa, pazia likavutwa, na kilipotoka nyuma ya pazia kilikuwa na rangi ile ile ya kola. Yule daktari kijana aliyekuwa anatia sahihi alikimbia. Sijawahi kuona daktari anakimbia kabla ya siku ile. Misuli ilikuwa imekufa na kuingia kwenye damu, wakasema, na figo zilikuwa zinaziba. Helikopta ikampeleka hospitali kubwa ya mji wa Jackson. Walimsafisha damu kwa mashine wiki tatu. Yule daktari aliniambia pembeni kwamba angerudi bwenini asingeamka Jumapili.

Mtadhani Bi Delphine alinishukuru. Alinitemea mate kwenye buti.

"Usingepiga simu," akasema, "mwanangu angekuwa anatembea."

Na hapo alisema kweli.

Marquel alifukuzwa na wenzake wawili. Daktari Stribling alipumzishwa mpaka Januari, kisha akarudi, na walimpigia makofi. Janiya hakufukuzwa. Hakuna aliyemgusa, hakuna aliyemwita jina baya. Mstari ulipohesabiwa ulianza namba moja, ukaruka mpaka namba nne. Chakulani walihama meza. Alivumilia siku tisa, akanipigia, akasema, "Njoo." Terrion alipotoka hospitali alimwandikia ujumbe mmoja tu: mama yako angenyamaza, saa hii ningekuwa nimevuka. Mvulana wa miaka kumi na minane mwenye figo zilizoponea chupuchupu.

Kwa hiyo nawaambia. Mtoto akikuomba ruhusa ya kwenda chooni ndani ya nyumba yako, usimpigie simu mwalimu. Usimpigie mkuu wa chuo wala mchungaji wa chuo. Mfungie mlango. Kama ameshaondoka, panda gari siku hiyo hiyo, usingoje zamu yako iishe, ingia uwanjani mbele ya watu wote umtoe mstarini kwa mkono. Atakuchukia. Wangu ananichukia na mimi sikufanya hata hilo. Na ukiona mwingine kaanguka, mtoto asiye wako, sema, hata mama yake akikutemea.

Najua mtasema, wangu nimemlea vizuri, wangu angesema. Na mimi nilimlea vizuri. Shule ya Jumapili, kwaya, kuwabebea wazee mizigo. Mtoto aliyewahi kulia kwa ajili ya kuku wa jirani. Walikuwa wamekaa naye wiki mbili tu siku ile hospitalini.

Mwezi uliopita tulikuwa tunakunja nguo, yeye na mimi, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa amenijibu maneno mawili matatu bila ukali, nilijipa moyo nikamuuliza.

"Janiya. Nisingefika hospitali siku ile. Ungemwambia daktari?"

Aliendelea kukunja. Alikuwa anafikiri kweli, nilimwona.

"Sijui," akasema.

"Angekufa."

"Najua angekufa, Mama. Nilijua pale pale ukutani."

"Na bado hujui kama ungesema?"

Akaweka shuka juu ya shuka, akalinganisha pembe.

"Umeniuliza," akasema, "nimekujibu."