Kufuli la Pili

Mume wangu Gathii aliuawa na chumvi. Daktari alisema ni presha, mshipa ulipasuka kichwani, lakini mimi ndiye niliyemwona miaka thelathini akinyunyizia githeri chumvi kabla hata hajaonja. Tulipomzika nilirudi nyumbani nikamwaga pakiti yote nyuma ya choo. Tangu hapo napika bila chumvi, au kwa punje chache za kuombea msamaha. Mwanangu Kabiru alilalamika wiki mbili, akachoka.

Kwa hivyo Kabiru alipomwoa Nanyama, binti wa Mwalimu Makokha wa Bungoma, na msichana akaja kukaa nasi hapa shambani nje kidogo ya Kitale, kitu cha kwanza nilichomweleza si ng'ombe gani hupiga teke. Nilimweleza habari ya chumvi.

"Sawa, Mami," akasema. Nanyama hana ubishi. Ubishi wa nyumba hii wote ninao mimi.

Mwaka wa kwanza tulikaa vizuri mpaka majirani wakaona kijicho. Mwaka wa pili msichana akaanza kuisha. Alikuwa akikama ng'ombe wawili anaketi kupumzika. Alitapika asubuhi, nami kwa furaha yangu nikaanza kuhesabu miezi na kutafuta uzi wa kufuma, lakini hakukuwa na mimba. Akakonda. Rangi yake ikazidi kuiva, na kanisani wamama wakamtania kwamba jua la Kitale limempenda kuliko mumewe. Nilicheka pamoja nao. Kwenye kliniki moja alipimwa mara tatu, na mara zote tatu karatasi ilisema malaria na taifodi. Alimeza dawa zote, akazidi kuisha.

Kisha chumvi ikaanza kupotea jikoni. Pakiti niliyozoea kuimaliza kwa miezi miwili ilikwisha kwa wiki moja. Sikuuliza mtu. Nilienda sokoni nikanunua kufuli, nikaifungia chumvi sandukuni pamoja na vitenge vyangu, na ufunguo nikautia shingoni.

"Nafunga kwa sababu nakupenda," nilimwambia Nanyama. "Sitazika mtu mwingine kwa kitu hicho."

Alitikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa kwenye ufunguo.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilikwenda zizini kutafuta ndoo. Nanyama alikuwa amepiga magoti kwenye hori, amelishika lile jiwe la chumvi ya ng'ombe kwa mikono miwili, analiramba amefumba macho. Hakunisikia nikiingia. Ng'ombe wetu Tamu alikuwa amesimama kando kwa adabu, akingoja zamu yake.

"Nanyama!"

Jiwe lilimtoka mikononi. Alilia mpaka nikaogopa. "Mami, tafadhali, usiambie Kabiru. Na usiambie kwetu. Sijui ni nini. Nikikosa naskia kama nakufa."

Niliahidi. Ningependa kusema niliahidi kwa huruma, na huruma ilikuwapo, lakini zaidi ilikuwa aibu. Niliwaza Mwalimu Makokha akisikia kwamba huku Kitale binti yake anakula horini. Angesema tunamnyima chakula. Wakwe ni watu wa kuonyeshwa sebule, si zizi.

Siku ya soko nikanunua kufuli la pili, la stoo ya ng'ombe. Nilipanga mawe yote ya chumvi yakae humo na kutolewa nikiwa nimesimama pale. Nilimwambia Kabiru apigilie mlangoni komeo la kutia kufuli siku ileile. Akatafuta, akarudi akikuna kichwa.

"Mum, misumari imeisha. Si tufunge tukitoka Bungoma?"

Nilimfokea kwa uvivu wake na kumwuliza ni mwanamume gani anakaa shambani bila misumari. Lakini misumari haikuwapo, na safari ilikuwa kesho yake.

Tulikuwa tunakwenda kwenye ibada ya shukrani ya Mwalimu Makokha, aliyekuwa amestaafu ualimu. Tulifika Bungoma Ijumaa, tukalala kwao. Nanyama alikuwa ametapika njia nzima. Jumamosi kabla ya saa sita, mchungaji akiwa katikati ya maombi ya chakula, nilisikia sahani zikivunjika. Nilipofungua macho, Nanyama alikuwa chini.

Hospitalini tulipokelewa na Daktari Jelimo, mwanamke mfupi aliyevaa raba, mwenye maswali mengi. Alimpima presha, akarudia kupima, akakunja uso. Akamfungua mdomo akaangalia ufizi, na mimi nikachungulia: kulikuwa na mabaka meusi. Akakunjua viganja vyake. Mistari ya kiganja ilikuwa myeusi kama ya aliyeshika masizi. Kisha akamwomba Kabiru picha yoyote ya harusi kwenye simu, akaiweka kando ya uso wa mgonjwa.

Tulitazama sote. Yule wa kwenye simu na huyu wa kitandani walikuwa kama dada wawili wa mama tofauti. Nilikuwa nimekula naye kila siku na sikuona.

"Kuna kitu amekuwa akikula, si cha kawaida?" daktari akauliza. "Udongo, mawe, kitu chochote?"

Tulikizunguka kitanda kile watu wanne. Kabiru alikuwa ameshika miguu ya mkewe. Mwalimu Makokha alikuwa bado na lile shada la karatasi zinazong'aa walilomvisha shingoni. Mkewe, Mama Bramwel, alisimama mkabala nami. Swali lilikuwa langu, nilijua hivyo, na mdomo wangu ukasema, "Hakuna."

Mama Bramwel naye akasema haraka, "Hakuna, daktari."

Daktari alitutazama, mmoja kisha mwingine. "Sawa. Nimetuma damu maabara, lakini majibu yatachukua masaa, na huyu presha inashuka tu. Nikijua natibu nini naanza saa hii. Mkikumbuka kitu, niko hapo mlangoni."

Akaenda. Niliushika mkono wa Nanyama, ulikuwa baridi. Akafungua macho kidogo, akanitazama, na taratibu akatikisa kichwa kunikataza. Alikuwa anakufa, na kazi aliyobakiza ni kunifichia aibu yangu! Mficha maradhi kifo humuumbua, tunawaambia watoto, na mimi mzee wa kanisa nilikuwa nimeyafunika maradhi ya mtoto wa wenyewe kwa leso.

"Daktari!" Nilipaza sauti mpaka wodi nzima ikageuka. "Anakula chumvi ya ng'ombe. Analiramba jiwe. Nilimkuta kwa macho yangu. Na ya watu nimemfungia sandukuni, mimi mwenyewe, ufunguo ndio huu."

Niliuvua shingoni nikamnyooshea, kana kwamba daktari angeuhitaji. Sikuthubutu kumtazama Mwalimu. Nilingoja nitukanwe.

Aliyesema ni Mama Bramwel, na alikuwa akilia. "Mama Kabiru, hata kwangu. Mwezi wa nne alipokuja kutuona alimaliza chumvi yote. Alikuwa anakoroga kwa maji anakunywa. Mimi nikanyamaza, nikasema ati nikikuambia utaona tumekupatia mtoto ana tabia mbaya."

Tulibaki tukitazamana juu ya mtoto wetu, mabibi wawili wenye heshima zao.

Daktari Jelimo hakungoja tumalize kulia. "Asanteni. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta." Alikuwa ameshamwita nesi. Alichoma sindano mwenyewe, akafungulia dripu mpaka ikawa haidondoki, inamiminika.

"Hiyo maji ni ya nini?" nikauliza.

"Ni maji ya chumvi, mama."

Niliketi sakafuni. Mwalimu Makokha alikuja akaniinua, akaniletea kiti, wala hakuniambia neno baya, siku ile wala baadaye.

Kufikia saa kumi jioni Nanyama alikuwa ameketi, anauliza kama kuku wa sherehe wamekwisha. Sijawahi kusikia sala tamu kuliko swali lile. Majibu ya maabara yalipokuja yalisema chumvi katika damu yake iko chini kabisa, na vipimo vingine vilivyopelekwa Eldoret vikathibitisha. Daktari alitueleza polepole. Juu ya figo kuna tezi mbili ndogo, kazi yake moja ni kuzuia chumvi isitoke mwilini. Za Nanyama zimekufa. Ndiyo sababu ya weusi ule, na kutapika, na kukonda. Ugonjwa unaitwa Adisoni. Atameza vidonge maisha yake yote, asiruke hata siku moja, na akishikwa na homa aongeze. Kwa vidonge hivyo atalima na atazaa kama wengine.

"Tangu nianze kazi nimeona mmoja tu," akasema. "Huyu ni wa pili."

"Kwa hivyo chumvi si mbaya?"

"Kwako wewe mwenye umri huu, punguza. Kwake ni dawa. Sufuria ni moja, mama, lakini miili si moja." Kisha akacheka kidogo. "Mimi nimelelewa kati ya ng'ombe. Ng'ombe akikosa chumvi anaitafuta hata kwa ukuta. Huyu msichana amejitibu miezi na hilo jiwe. Kama hangekuwa nalo, hamngemfikisha Bungoma."

Nilimshika daktari mikono yote miwili nikashindwa kusema asante. Nimeisema baadaye, mara nyingi, na kila Krismasi anapata jogoo wake kutoka Kitale, apende asipende.

Sasa bakuli la chumvi linakaa katikati ya meza. Nanyama anajinyunyizia, nami natazama dirishani, maana mazoea ni mazoea. Rangi yake imerudi, na nguo za harusi zinamkaa tena. Mama Bramwel hunipigia kila Jumapili na hatufichani kitu, mpaka wakati mwingine natamani afiche kidogo. Habari za tumbo la Mwalimu sikuzihitaji.

Kufuli la kwanza linafunga banda la kuku. La pili liko bado kwenye karatasi yake, juu ya kabati, mahali ninapoliona nikiamka. Kama Kabiru angekuwa mwanamume wa kupanga mambo yake, lingefungwa siku ileile niliyolinunua. Kila asubuhi nikipiga magoti nina mengi ya kumshukuru Mungu, lakini naanza na misumari.