Tone Moja la Mafuta ya Cherehani

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, tena mpumbavu mwenye kicheko. Rafiki yangu Engole aliniletea baiskeli yake ya magendo kwenye kibanda changu cha ufundi Busia, akilalamika kwamba breki zinalia hadi askari wa mpakani wanamsikia kwenye njia za panya. Nikadondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mipira ya breki.

"Haya! Sasa hata mkeo hatakusikia ukirudi."

Hakurudi. Alfajiri iliyofuata, kwenye mteremko wa Buteba, aliingia chini ya lori lililosimama.

Tangu mazishi, breki zile zinalia nyuma yangu. Mchana kweupe, sokoni, hata kanisani watu wakiinamisha vichwa. Nageuka, hakuna baiskeli. Syprose, mjane wake, aliuliza msibani nani aliyezigusa breki mwisho. Nikajibu kwamba mipira ilikuwa imechakaa. Nilirudia maneno hayo hadi nikaanza kuyaamini.

Yeye hakuyaamini. Alikata kipande cha mpira, akampa mpwa wangu Akello, ambaye chuoni kwao Nairobi huchunguza msuguano kwa hadubini isiyo na kioo cha kukuza: sindano yenye ncha isiyoonekana kwa macho hupapasa kitu polepole, kama kipofu apapasavyo uso wa mwanawe.

Jumamosi Akello alitufungulia kompyuta mezani kwa Syprose. Niliona vilima na mabonde, utadhani milima ya Osukuru imetazamwa kutoka angani.

"Penye mwanga sindano ilikwama," alisema. "Penye giza iliteleza."

Giza lilikuwa karibu kila mahali.

"Vumbi hilo," nikasema.

"Mafuta, mjomba. Nimelinganisha na mpira mpya. Ni utando tu. Unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya unywele."

Nikaidaka elfu kumi hiyo kwa mikono miwili.

"Umesikia, shemeji? Elfu kumi! Kitu kidogo hivyo nzi mwenyewe angekikanyaga akapita zake. Kingemwangushaje mwanamume mzima na gunia lake la sukari?"

Nilicheka peke yangu. Nyuma ya nyumba breki ikalia, ndefu, kali. Nikageuka. Wao hawakugeuka.

Syprose alinitazama mpaka shingo yangu iliporudi mahali pake.

"Shemeji, mimi nilikuuliza nani. Kipimo sikukuuliza."