Ukurasa wa Tisa

Mkaguzi aliyesababisha marehemu meneja afukuzwe kazi kabla hajafariki ndiye aliyeletwa kukalia kiti chake. Keshia wa ile benki ndogo alimtazama akipangusa meza kwa leso, utadhani marehemu alikuwa na upele.

Kosa la marehemu lilikuwa moja: aliwatembelea wakopaji makazini kwao, kisha akaandika kwenye faili, "Namjua."

Asubuhi hiyo fundi wa kuchomelea alikuja kuomba mkopo. Mashine yake ilikuwa imeungua, na bila mashine watoto hawali. Hati ya kiwanja hakuwa nayo. Meneja mpya alipekua faili mpaka jasho likamtoka.

"Dada," akanong'ona, "huyu unamjua?"

"Kumjua mtu si ushahidi, bosi. Uliandika mwenyewe kwenye ripoti yako ya ukaguzi, ukurasa wa tisa."

Fundi akainamisha kichwa. Keshia akamwonea huruma fundi, si bosi.

"Haya, inuka twende karakanani kwake ukajionee kazi. Marehemu alikuwa anakwenda kwa miguu."

Bosi alitazama viatu vyake vinavyong'aa, kisha tope la nje.

"Kwani gari hakuna?"

"Lilikuwa linakuja na wakaguzi," alisema keshia, akatangulia na fundi. Nyuma yao, viatu vikaanza kunasa topeni.