Geji za Gari la Njano

Kila asubuhi kazi ya kwanza kituoni ilikuwa kulisukuma gari. Gari la zimamoto la mji lilikuwa limechoka, haliwaki bila kubembelezwa, basi askari hujipanga nyuma yake, binti wa Mkuu wa kituo akiwa miongoni mwao, naye Mkuu huketi kwenye usukani akipaza sauti: "Sukumeni, au mmekuja kuliegemea?"

Asubuhi moja lilikuwa nusu ndani, nusu nje ya lango, simu ilipoita. Uwanja wa ndege ulikuwa umeletewa gari jipya la zimamoto, na lile la zamani linauzwa leo leo. Halmashauri imekubali kulinunua, mradi Mkuu alikague na kuridhika nalo. Akilikataa, mnunuzi wa chuma chakavu ameshafika, na mitungi ya gesi ya kukatia ameshaishusha.

Walipofika uwanja wa ndege, binti alipoliona tu alilipenda. Lilikuwa la njano, tairi zake zikimfika kifuani, na juu ya paa bomba nene lililoelekezwa mbele kama pua ya mnyama anayenusa. Akawakumbuka mafundi seremala wa pale mjini. Banda lao liliteketea mwezi uliopita, askari wakiwa bado wanasukuma.

Fundi wa uwanja aliliwasha kwa mara moja. Akabonyeza kitufe, maji yakaruka kutoka paani yakavuka uwanja wa nyasi hadi ng'ambo. Binti alitaka kupiga makofi, akaona haya.

Mkuu akapanda, akakaa kwenye usukani. Akaziinamia geji.

"Zimefubaa hizi. Hazisomeki."

Fundi akatoa kitambaa, akafuta. "Sasa je?"

"Bado."

Akafuta tena, safari hii kwa spiriti. "Mzee wangu, nikisugua zaidi nitatoboa."

"Na kioo cha mbele kina ukungu."

"Ukungu?" Fundi akachungulia. "Mbona mimi namwona mpaka yule kunguru kule mwisho, tena amekasirika."

Mnunuzi wa chuma akacheka. "Niachie mimi, Mkuu. Mimi sina ugomvi na kioo. Nakata tu."

"Hatulichukui," Mkuu akasema.

Fundi akainua mabega. Mnunuzi wa chuma akaanza kuuviringisha mtungi wake.

Binti alibaki ameduwaa. Ndipo mambo ya nyumbani yakamjia moja baada ya jingine. Baba aliyeacha kusoma gazeti, eti habari ni zile zile. Baba anayemimina chai mpaka inafurika kwenye kisahani. Baba anayempa simu amsomee ujumbe, eti kila siku mikono yake ina maji.

Hakuwahi kumpinga Mkuu mbele ya watu. Hata nyumbani, neno "lakini" lilikuwa likimkwama kooni. Akapiga moyo konde, akazunguka upande wa pili, akapanda, akafunga mlango.

"Geji ya maji inasemaje, Mkuu?"

"Si nimeshasema haisomeki?"

"Mimi naisoma, Baba. Maji yamebaki nusu."

Mkuu aliushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari linakwenda.

"Unajua watu wanavyofanywa wakishakuwa hivi?" akasema kwa sauti ya chini. "Wanawekwa mapokezi. Wanaandika nani kaingia, nani katoka."

"Utaandika vipi na huoni?"

Lilimponyoka. Binti akaziba mdomo kwa kiganja, akasubiri dhoruba. Badala yake akasikia kicheko, kwanza puani, kisha kifuani, mpaka mabega ya baba yake yakatikisika.

"Mtoto huyu," Mkuu akasema, akijifuta machozi. "Mpole kumbe ana meno."

"Nisamehe, Baba. Nilitaka kusema twende hospitali ya macho. Labda wanatibu. Lakini hili likikatwa leo, hakuna wa kulitibu."

Mkuu akashusha pumzi ndefu. Akateremsha kioo cha mlango. Mnunuzi wa chuma alikuwa ameshafika kwenye tairi la mbele.

"We bwana, toa mtungi wako hapo! Gari hili lina mwenyewe!"

Fundi akaja mbio, kitambaa kingali mkononi. "Vipi tena, mzee wangu? Nifute na kioo?"

"Usifute kitu. Gari lako zima."

"Alhamdulillahi! Nilishaanza kudhani sijui kufuta."

Mkuu alisogea kutoka kwenye kiti cha dereva, polepole, akipapasa ukingo wake, akakipigapiga kwa kiganja ili binti aje akae. Aliposema, alisema kwa ile sauti ya kila asubuhi, fundi asikie, mnunuzi wa chuma asikie, na yeyote mwingine aliyekuwa karibu.

"Sioni vizuri, mwanangu. Endesha wewe."