Ukuni wa Meleagro

Malkia Althea alikuwa njiani kwenda hekaluni na mikate ya asali, kushukuru kwamba mwanawe Meleagro amemuua nguruwe mwitu aliyekuwa akimaliza mashamba ya Kalidoni. Akapishana na watu waliobeba machela mbili. Waliolazwa humo ni kaka zake, Pleksipo na Tokseo.

"Nani kawaua?"

Mtumishi wake Filira alitazama chini. "Ni Meleagro, mama. Ngozi ya nguruwe alimpa yule binti mwindaji aliyekuwa wa kwanza kumjeruhi mnyama, wajomba wakampokonya binti wa watu. Mwanao hasira zikampanda."

"Ngozi? Wajomba zake wa damu, kisa ngozi!"

Alirudi nyumbani, akafungua sanduku lake la harusi, akatoa ukuni ulioungua ncha. Meleagro alipozaliwa, wale bibi watatu wanaopanga maisha ya watu waliutupa motoni, wakasema mtoto ataishi mpaka ukuni huo uteketee. Althea aliuchomoa, akauficha miaka ishirini. Hakumwambia mtu, hata Meleagro mwenyewe.

Sasa aliusogeza kwenye meko, akaurudisha kifuani. Ni mwanangu, alisema. Lakini wale nao ni kaka zangu, na mama yetu keshakufa, nani atawalilia haki? Akautupa.

Majuto hayakumpa hata nafasi ya kuketi. Ukuni ulikuwa mkavu, ukashika mara moja. Aliunyanyua mtungi wa maji, mkono ukasita. Moto ule ulitoka kwa mama yake siku alipoolewa, na hakuna mke wa Kalidoni anayeumwagia moto wa meko maji. Ni kuiua nyumba kwa mkono wako. Alisita kwa pumzi tatu tu. Ewe Althea, mwanao anateketea nawe unachunga heshima ya meko! Alipomwaga, alikuta kaa moja dogo, akaliokota nalo likamvunjikia kiganjani.

Filira akaingia mbio. "Mama, njoo! Meleagro kaanguka uwanjani, anasema anaungua ndani kwa ndani. Hataki tumguse. Anakuita wewe."

"Ananiita mimi?"

"Anasema tangu utotoni hakuna ugonjwa wake uliokushinda. Twende, mama, anakusubiri!"

Althea alifumba kiganja kilichojaa majivu, akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Kabla hajatoka, wanawake kule uwanjani waliangua kilio.