Haufai kwa Binadamu

Alichoma gunia la chini kabisa, pale bati la paa lilipovuja msimu mzima wa mvua, na bambo likatoka na punje nyeusi zenye kunuka uvundo. Mpimaji akazimimina kwenye bakuli la sampuli, akachoma gunia la jirani, safu ileile. Nyeusi tena.

"Hizohizo," alisema mkuu wa ghala, aliyesimama nyuma yake na leso puani. "Usiondoke kwenye safu hiyo."

"Kanuni ni kila gunia la kumi, bosi. Juu, kati na chini."

"Kanuni naijua, dada. Si mimi niliyekufundisha?"

Ndiye. Miaka minane nyuma alimwonyesha jinsi ya kulishika bambo, chuma kile chenye ncha na tundu refu katikati, ulichome ukiwa umelilaza, ulichomoe bila kuupasua mfuko. Miaka minane, na mwanamke huyu alikuwa bado kibarua. Mkataba wake uliandikwa upya kila baada ya miezi mitatu kwa kalamu ya huyuhuyu mkuu.

Mlikuwa na magunia mia nne ya mpunga humo ndani. Hayakuwa ya mfanyabiashara yeyote. Kila baada ya mavuno, kila nyumba ya bondeni ilileta gunia moja na kulishona mdomo kwa uzi wa rangi yake, yakakaa hapo yakisubiri miezi ya njaa. Njaa ikiingia, mpunga uligawiwa kwa wote, aliyelima vizuri na aliyelima vibaya. Magunia yaliyolowa yalikuwa kumi na manane. Aliyahesabu mara mbili.

Mkuu alipotoka kupokea simu, mpimaji alipanda ngazi hadi safu ya nne kutoka juu, akalitafuta gunia lenye uzi wa kijani, la mama yake, akalichoma. Mpunga ulitiririka kiganjani mkavu, wa manjano, safi. Akauma punje moja, ikakatika kama inavyotakiwa. Akaurudisha wote kupitia tundu lilelile, akakwaruza nyuzi za gunia kwa ncha ya bambo mpaka tundu likajifunga, akashuka. Hakuandika kitu.

Ofisini, fomu ilikuwa mezani ikimngoja. Ilikuwa na visanduku viwili tu. *Unafaa kwa binadamu. Haufai kwa binadamu, unafaa kwa mifugo.*

"Shemeji yangu ana ng'ombe mia mbili wa nyama," mkuu alisema, kwa sauti ya mtu anayepiga soga. "Mahindi yameadimika mpaka basi. Wataalamu wanasema mpunga ukiparazwa unanenepesha vilevile. Kuna ubaya gani?"

"Na watu wa bondeni watakula nini?"

"Kwani walikuwa wanakula nini kabla ya ghala hili kujengwa?" Akacheka kidogo, akaisogeza kalamu. "Halafu mkataba wako unaisha Ijumaa, au nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Mpimaji alitia alama kwenye kisanduku cha pili, akasaini. Alijiambia anawafikiria wanawe wawili. Wote wanaosaini karatasi za namna hiyo huwa na watoto.

Tangu siku hiyo hakwenda kwa mama yake. Alituma unga na sabuni kupitia jirani aliyekuwa akishuka bondeni, pamoja na salamu nyingi na visingizio vya kazi. Nafsi ilimsuta kila alipowapakulia watoto chakula. Usiku alilala vizuri tu, na hilo nalo lilimtia aibu.

Miezi ya njaa ikaingia. Ndipo mkuu alipomtuma kwenye zizi la shemeji kukagua chakula cha mifugo, maana sheria ilitaka aliyesaini kuutoa mpunga ghalani aende kuthibitisha kwamba mifugo ndiyo iliyoula.

Msimamizi wa zizi alimtembeza kwa furaha. Ng'ombe walijipanga kwenye hori refu la saruji, migongo yao ikimetameta.

"Tulianza kidogokidogo, matumbo yazoee," alisema. "Ukimpa mwingi ghafla anavimbiwa, unampoteza. Na lazima tuuparaze, la sivyo unapita mzimamzima. Sasa waangalie. Ng'ombe hawana haya ya kula."

Chini ya banda, kando ya mashine ya kuparazia, wanawake wapatao thelathini walikuwa wakipepeta. Vumbi la mpunga huwapalia ng'ombe, kwa hiyo vibarua hao waliletwa kutoka bondeni kulitoa, zikabaki chenga safi. Saa ya kutoka ilikuwa imefika. Walikung'uta nyungo, wakapanga foleni langoni, na kila aliyemfikia mlinzi alitanua mdomo na kuinua ulimi, naye akammulika kwa tochi.

"Hiyo ni ya nini?" mpimaji aliuliza, ingawa alikwisha kuelewa.

"Wanatafuna. Lakini si uchoyo, ni kwa afya yao. Karatasi yako si inasema haufai? Akitufia mtu hapa tutasema nini?"

Wa tano kwenye foleni alikuwa mama yake. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, na nywele zimejaa vumbi jeupe. Alipomwona binti yake uso ukamchangamka.

"Huyu ndiye mwanangu," aliwaambia wenzake. "Huyu aliyetuokoa tusile sumu."

Wanawake wakamwamkia mpimaji kwa heshima, hata waliomzidi umri. Alitamani ardhi ipasuke.

"Fungua, mama," mlinzi alisema.

Mama hakufungua. Mlinzi alirudia, kwa upole, na shavu la mama likacheza. Mwishowe akatanua mdomo. Chenga zilikuwa ndani, nyeupe, nusu zimetafunwa. Hakuna aliyecheka.

Mama akazisukumia shavuni, akamgeukia binti yake, akashusha sauti kama anayemfichia mtoto kosa.

"Mwanangu, mimi nalima mpunga tangu sijavunja ungo. Huu nimeuonja wiki nzima na sijaumwa hata tumbo. Ni mzuri. Labda siku ile ulikosea kidogo? Mtu hukosea. Ukisema tu ulikosea, watatuelewa."

Foleni nzima ikamgeukia mpimaji. Msimamizi naye alikuwa akimtazama mpimaji, amekunja mikono, bado anatabasamu. Ilikuwa Jumatano. Mkataba mwingine ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Haufai, mama," alisema. "Uteme."

Ile furaha ilimtoka mama usoni taratibu, na mpimaji akajua kwamba sasa mama anajua.

"Haya," mama alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Akatema kiganjani, akawa anatafuta pa kutupa.

"Usimwage chini, mama," msimamizi alisema. "Weka pale horini."

Mama akaenda mpaka horini, akanyoosha mkono. Fahali mmoja akainua kichwa, akatoa ulimi, akakilamba kiganja hadi katikati ya vidole, na mama akamwachia mkono mpaka amalize.