Siku Kuta Zilipotoa Jasho

Mimi Mwikali najua Kichina. Kwa miaka minane hakuna mtu pale Shahe, soko la nguo za jumla, aliyewahi kunibishia hilo. Nimewasaidia Wakenya wenzangu kununua nguo kwa marobota, nimekataa bei, nimelia bei, nimetukana na nikatukanwa, yote kwa Kichina. Darasani sikukaa hata siku moja. Kichina changu nilikiokota sokoni katikati ya mikokoteni, na kilinitosha. Kiburi changu kilianzia hapo, na hofu niliyoipata Machi hii ilianzia papo hapo.

Lusajo ni Mtanzania wa Tukuyu, tunasali pamoja. Yuko hapa Guangzhou kwa ufadhili, anasomea mambo ya mbao. Masomo yao ni kwa Kiingereza, kwa hiyo Kichina chake ni cha kuagizia tambi tu. Chuo kilipompeleka kwa fundi Liang akajifunze kutengeneza ala za muziki za kale, akakuta mzee mwenyewe hajui Kiingereza hata cha salamu. Jumapili moja baada ya ibada akanifuata.

"Dada Mwikali, naomba uwe mdomo wangu."

"Mdomo tu?" nikamwambia. "Nitakuwa masikio yako pia, wacha wasiwasi."

Tukacheka. Siku zile tulikuwa tunacheka ovyo.

Karakana ya fundi Liang iko mtaa wa Kangle, ghorofa ya tatu, juu ya vyumba vya washona nguo ambako cherehani hazilali. Katikati ya chumba ilisimama hapsikodi. Mara ya kwanza nilidhani ni piano iliyokondeana. Lusajo akakasirika kidogo, kwa upole wa kwao. Akanieleza kwamba piano hugonga nyuzi zake kwa nyundo, lakini hii huzidonoa. Ilitengenezwa London miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Mwili wake ni wa mwaloni, umevishwa ubao mwembamba wa mti wa jozi, na kuzunguka kila kipande pamebandikwa utepe wa mbao nyeupe. Bawaba zake za shaba ni ndefu kama mkono wangu. Vitufe vyeupe ni pembe za ndovu, vyeusi ni mpingo. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago wa kwetu Wamunyu na mpingo naujua kwa kuunusa, basi nikamwambia Lusajo hivi vitu vilitoka upande wetu kabla yetu sisi. Akasema huenda.

Siku nyingine akachomoa kijiti kimoja kutoka ndani akanionyesha. Ukibonyeza kitufe, kijiti hupanda, na ncha ya unyoya wa kunguru iliyochomekwa ubavuni hudonoa uzi. Unyoya umeshikwa na kipande kidogo kinachochezacheza ili kijiti kikishuka kisidonoe mara ya pili.

"Hiki kipande wanakiita ulimi," Lusajo akasema.

"Na hakina mfupa," nikamwambia, nikijiona mjanja.

Kilichonitisha kwenye kitu kile tangu mwanzo ni jinsi kilivyojengwa. Nyuzi ni mia moja themanini na tatu. Upande wa mbele zimefungwa kwenye ubao mnene wenye vigingi vya chuma, upande wa nyuma zimeshikwa mkiani, na zote zinavuta mchana na usiku. Kati ya ule ubao wa vigingi na ubao mwembamba wa sauti pana mwanya mrefu ambamo vijiti hupandia. Maana yake, pale panapovutwa zaidi ndipo penye tundu. Fundi Liang alisema Waingereza walijenga ugomvi wakaupaka rangi: nyuzi zinataka kuufunga mwanya, sanduku linakataa. Miaka yote hiyo sanduku lilikuwa limekataa, ila sasa upande wa kulia ubao wa vigingi ulikuwa umeanza kuachia. Mzee aliubandika upya kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, ile ile ya zamani, kisha wakaanza kuzikaza nyuzi taratibu, siku baada ya siku.

Mwenye hapsikodi ni laoban Guan. Hapa kila bosi ni laoban, lakini huyu ni laoban kweli, ana majengo kando ya soko la vitambaa. Chuo kilikuwa kimemwambia Lusajo waziwazi: mwaka wa mwisho wa ufadhili utatolewa akileta barua ya Guan kwamba kazi imefanyika vizuri. Barua isipokuja, anarudi Tukuyu bila shahada, baada ya miaka mitatu ya kula mkate mkavu. Guan angekuja Alhamisi saa kumi alasiri, aisikilize, aandike.

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta kuta zinatoa jasho. Anayekaa Guangzhou anazijua siku hizo. Upepo wa kusini unarudi na unyevu wote wa bahari, sakafu inateleza, nguo hazikauki, na hata kitanda kinanuka ukungu. Nilipofika Kangle saa tatu, Lusajo alikuwa amefunga madirisha yote na ile mashine ya kukausha hewa inanguruma kwa nguvu zake zote. Fundi Liang hakuwepo, goti lilikuwa limemvimba na alikuwa kwake Foshan.

Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mzee, mfupi, wa haraka, kwa Kichina chake kilichojaa Kikantoni: "Song xian! Mashang song!"

"Anasemaje?" Lusajo akauliza.

Xian nilijua ni uzi wa ala. Mashang ni sasa hivi. Na song? Nani wa Shahe asiyejua song? Song huo, peleka mzigo, naisikia mara hamsini kwa siku kutoka kwa kila mwenye mkokoteni.

"Anataka apelekewe nyuzi, saa hii."

Lusajo akaangalia kifurushi cha nyuzi za akiba juu ya meza. "Za nini, na kazi iko huku?"

"Labda azipime. Kwani mimi ndiye fundi?"

"Basi ngoja nizilegeze hizi kwanza, dada. Hewa ya leo siipendi. Mbao ikivimba, nyuzi zinajikaza zenyewe."

"Zote mia na themanini? Lusajo, mzee amesema mashang. Utalegeza ukirudi, twende!"

Nikamjibu mzee kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: hao, hao, mashang. Sawa, sasa hivi. Tukatoka. Na kwa kuwa sheria ya jengo, kwa kuogopa moto, ni kwamba wa mwisho kutoka azime umeme, Lusajo akauzima. Ile mashine ya kukausha hewa ikanyamaza.

Foshan ni karibu saa nzima kwa treni. Fundi Liang alifungua mlango akiwa ameegemea fimbo. Akaona nyuzi mkononi mwa Lusajo. Akamwangalia Lusajo, akaniangalia mimi, akaangalia nyuma yetu kana kwamba kuna mtu wa tatu anakuja.

"Song le ma?" akauliza. Safari hii alilivuta neno, juu na bapa, bila kulishusha, na mkono wake ukazunguka hewani kinyume, kama anafungua kifuniko cha chupa.

Nikaelewa. Kwa Kichina neno lile lile hubadili maana sauti ikipanda au ikishuka. Song ya kupeleka inaanguka, ya mzee haikuanguka. Yake ilikuwa ni kulegeza, na pale mlangoni alikuwa anauliza kama tumeshalegeza. Alikuwa ametuambia tulegeze nyuzi, sasa hivi, na mimi nikamjibu sawa. Ndiyo maana hakupiga tena. Alikuwa amekaa kwake ametulia, akijua watu wake wanalegeza.

"Kuna nini?" Lusajo akauliza.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilikuwa nimejikwaa vyote hadi sikio. Ningemwambia pale pale. Sikumwambia.

"Anasema hewa ni mbaya," nikasema. "Turudi upesi."

Mzee akaja nasi na goti lake lile, tukachukua teksi. Njia ilikuwa imejaa magari. Mzee alikaa mbele, ameikunjia fimbo vidole vyote. Nyuma, Lusajo alikuwa akihesabu kwa kunong'ona, nami nilijua anahesabu nini: dakika tangu umeme uzimwe. Gundi ya ngozi ni kama uji wa jana, alishawahi kuniambia, ikipata unyevu inarudi kuwa laini. Niliogopa kwamba tutachelewa, na niliogopa zaidi kwamba tutawahi, kila kitu kitakuwa salama, na siri yangu nitaishi nayo. Nikiri tu kwamba nilipiga hesabu hiyo.

Ngazi za jengo zilikuwa zimelowa. Mzee alipanda ameshikilia ukuta, kiganja chake kikiacha alama kwenye jasho. Lusajo akafungua mlango, akawasha umeme, na kabla mashine haijaanza kunguruma tukasikia. Tik. Kimya. Tik. Ilikuwa inatoka ndani ya hapsikodi.

Fundi Liang aliinama akatazama mwanya. Vijiti vya upande wa kulia vilikuwa vimebanwa, havipandi wala havishuki. Akanyoosha mkono bila kugeuka na Lusajo akampa ufunguo wa vigingi, mwenyewe akachukua wa pili. Wakaanza. Robo mzunguko hapa, robo kule, kutoka pande zote mbili, maana ukilegeza upande mmoja tu, ule mwingine unavuta peke yake. Mimi nilishika simu kuwamulikia.

Tik.

"Mungu wangu, simama," Lusajo alikuwa anaiambia mbao. "Simama, mama, simama."

Uzi mmoja mwembamba ukakatika, ukampiga chini ya jicho. Hata hakufuta damu. Walikuwa wamefika kama nusu ya nyuzi pale mlio ulipotoka, wala haukuwa mkubwa, mlio wa mtu anayevunja muwa. Ubao wa vigingi ukachomoka kwenye kiungo chake upande wa kulia na kupinda kuelekea kwenye mwanya. Ukingo wa jozi ukapasuka hadi kwenye bawaba. Vijiti kumi na kitu vikavunjika kwa pamoja na ndimi zake zikamwagika ndani.

Mzee aliweka ufunguo chini polepole.

Saa kumi kamili laoban Guan akaingia, amevaa koti zuri. Alitazama kwa muda mrefu. Fundi Liang akamweleza kwamba karakana ilibaki tupu, umeme umezimwa. Akanigeukia mimi, maana mimi ndiye mdomo, akauliza nani aliyesema mwanafunzi aondoke siku kama ya leo.

Nikamtafsiria Lusajo.

"Mwambie ukweli tu, dada," Lusajo akasema. Damu ilikuwa imeganda shavuni. "Mwambie fundi alituagiza nyuzi, tukampelekea."

Kabla sijafungua kinywa, fundi Liang akasema, akiangalia mikono yake. Alisema yeye ni mzee, Kichina chake cha serikali ni kibovu, huenda alitamka vibaya.

Basi mlango ukawa wazi mbele yangu. Ningekaa kimya tu. Lusajo aliamini mzee alikosea, na sasa mzee mwenyewe alianza kuamini. Ujumbe ulikuwa kwenye simu yangu, na kuufuta ni kugusa mara mbili. Nilikitia kidole mfukoni, nikaipapasa simu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa polisi, au daktari, au Mungu. Kesho Shahe nzima ingejua Mwikali hajui kutofautisha peleka na legeza. Kisha nikaona mikono ya mzee, ile anayoiangalia kana kwamba ndiyo iliyokosea.

Nikaitoa simu nikaubonyeza ujumbe. "Song xian! Mashang song!"

Guan akasikiliza mara moja tu. Akalirudia neno, juu na bapa, bila kulishusha. Fundi Liang akafumba macho.

"Alisemaje?" Lusajo akaniuliza.

"Alisema tulegeze."

Aliniangalia tu, na damu ile chini ya jicho, na nilijua anaikumbuka asubuhi, ufunguo ukiwa karibu na mkono wake, na mimi nikimwambia twende.

Nikamgeukia Guan. Nikamwambia kwa Kichina kwamba mwanafunzi huyu alitaka kulegeza kabla hatujatoka, nami nikamkataza. Sikuuamini tena ulimi wangu, kwa hiyo kila nilipofika kwenye lile neno nilizungusha mkono hewani, kinyume, kama mzee alivyofanya mlangoni kwake. Guan akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akavuta kiti, akakaa, akamwomba fundi Liang karatasi. Akaandika mistari michache, akapiga muhuri, kisha akaniambia maneno mawili matatu bila kuinua kichwa.

Lusajo alikuwa amesimama kando ya hapsikodi, ameokota ulimi mmoja uliovunjika na kuushika kiganjani.

"Anasemaje?"

Maneno ya Guan niliyasikia sawasawa. Nilitamani nisingeyasikia.

"Anasema barua hii hapa, umeipata, kosa si lako," nikamwambia. "Na anasema utafute mdomo mwingine."

Nikangoja alikatae hilo la mdomo mwingine. Alichukua barua kwa mikono miwili, akainama kumshukuru laoban, kisha akaenda kumshika mzee mkono amsaidie kushuka ngazi.